Damu ya Kuazima: Je, Dawa za Kusisimua Misuli ni Dhambi?



Wapendwa vijana, swali la leo sikulitunga mimi. Limeletwa na kijana mmoja wa kigango chetu ambaye anakimbia mbio ndefu, na tangu aniulize halijanitoka kichwani. Aliuliza hivi: "Dada, nikinywa kahawa asubuhi kabla ya mbio si dhambi. Nikienda kukaa mlimani mwezi mzima ili damu iongezeke, si dhambi. Sasa nikichoma sindano inayofanya kilekile ambacho mlima unafanya, dhambi inatoka wapi?"

Nilimwomba anipe muda. Jibu la haraka ninalo, na wewe unalo: ni marufuku, basi. Lakini yeye hakuuliza kama ni marufuku. Hilo analijua kuliko mimi. Ameuliza kama ni dhambi, na hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Kuvuka kivuko wakati taa nyekundu inawaka ni marufuku, ila sijawahi kusikia mtu akiipeleka kwenye kitubio.

Nianze na ninachokijua kwa mikono yangu. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni katika kitengo cha kusafisha damu, kwa wagonjwa wa figo. Sindano anayoisema kijana inaitwa EPO, kirefu chake erithropoietini. Sisi tunaitoa kwenye friji ya kitengo karibu kila siku. Wengi wanadhani ni sumu fulani iliyobuniwa na watu wa michezo. Hapana. Ni kitu ambacho Mungu amekiweka ndani yako tangu hujazaliwa. Figo zako zikiona oksijeni imepungua kwenye damu, zinatoa EPO, nayo inasafiri mpaka kwenye uboho ndani ya mifupa na kuuamsha utengeneze chembe nyekundu zaidi. Chembe nyekundu ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Figo zikifa, ujumbe huo unakatika. Ndiyo maana mgonjwa wa figo anakuja na damu gramu 6, mweupe mdomo mpaka kope, anapumzika mara mbili kati ya kitanda na choo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 dawa hii ilianza kutengenezwa viwandani na kuwafikia wagonjwa. Kabla ya hapo walitegemea kuongezewa damu ya watu wengine, tena na tena. Nimemwona mama mmoja aliyefika kwetu akibebwa, baada ya wiki kadhaa za sindano damu ikafika gramu 10, akaingia wodini akitembea na kututangazia kwamba jana amefua nguo zake mwenyewe. Alisema kwa namna ambayo mwingine angesema ameshinda ubunge. Kwa hiyo mtu akiniambia EPO ni ya shetani, mimi siwezi kuitikia amina.

Sasa, mwanariadha mwenye afya ana gramu 15 tayari. Anachotaka ni 17, au zaidi. Oksijeni nyingi, mguu unachelewa kuchoka, na kesho yake anaweza kufanya zoezi gumu jingine wakati mwenzake bado anachechemea. Faida yote ndiyo hiyo. Na kijana ana haki kusema kwamba mlima nao unafanya hivyohivyo. Iten, kule Kenya, iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, figo zinashtuka, zinatoa EPO yake, damu inaongezeka. Hakuna askari anayemkamata mtu kwa sababu amelala Iten.

Jibu la kwanza ambalo watu hutoa ni afya. Wanasema ni dhambi kwa sababu inadhuru mwili, na mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Jibu hili ni la kweli. Damu ikizidi chembe inakuwa nzito, moyo unaisukuma kwa shida, inaweza kuganda ukapata kiharusi. Hata kwa wagonjwa wetu madaktari hawapandishi damu mpaka ifike ya mtu mwenye figo nzima. Wanaishia gramu 11 hivi, maana utafiti ulionyesha kwamba wakilazimisha zaidi, viharusi vinaongezeka. Na wale wanaotumia vichangamshi wana hatari nyingine: mwendesha baiskeli Tom Simpson, Mwingereza, alianguka na kufa akipanda Mont Ventoux huko Ufaransa tarehe 13 Julai 1967, kwenye mashindano ya Tour de France, na katika mwili wake zilikutwa amfetamini. Jua lilikuwa kali, mwili ulikuwa unamwambia simama, na dawa ilikuwa imeziba masikio yake.

Lakini jibu hili halitoshi, na kijana angenibana hapo. Kukimbia kilomita 42 kwenyewe kunaumiza. Ndondi inaumiza kuliko. Halafu, kama kesho daktari mzuri akisema, "Mimi nitakupa dozi ndogo, nitakupima kila wiki, hutaugua", je, dhambi imeyeyuka? Moyo wangu unakataa, kwa hiyo lazima kuna kitu kingine.

Jibu la pili ni kwamba si asili. Hili ndilo silipendi zaidi, ingawa kwenye vikundi vyetu vya Wasapu ndilo linalopigiwa makofi. Viatu vyenye bamba la kaboni ni asili? Miwani yako? Chanjo? Kahawa yenyewe, yaani kafeini, ilikuwa imewekewa kikomo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa mpaka ilipoondolewa mwaka 2004. Kahawa haikubadilika siku ile. Kilichobadilika ni orodha. Na upande wa pili kuna Mfini mmoja, Eero Mäntyranta, mwanamichezo wa kuteleza kwenye theluji, aliyeshinda dhahabu mbili za mtu mmoja mmoja kwenye Olimpiki ya 1964. Watu walimshuku sana. Baadaye wanasayansi wakagundua kwamba ukoo wake una hitilafu ya kurithi inayofanya mwili uitikie EPO kupita kiasi. Alikuwa na chembe nyekundu nyingi mno tangu kuzaliwa, bila sindano yoyote. Je, huyo alidanganya? Hapana. Alipokea. Je, waliomfuata walionewa? Labda kidogo, kama mimi ninavyoonewa na wanaoimba vizuri kwayani. Asili haigawi sawasawa, na Kanisa halijawahi kufundisha kwamba kila kilichotoka maabara ni kibaya.

Basi tunarudi kwenye sheria, na hapa Mtume Paulo anatusaidia, maana alikuwa mtu wa kuangalia michezo. Wakorintho aliowaandikia waliishi jirani na uwanja wa michezo ya Isthmia, iliyofanyika kila baada ya miaka miwili, na mshindi alipewa taji la majani. Majani tu! Kwenye 2 Timotheo 2:5 anasema wazi kwamba mshindani hapewi taji kama hakushindana kwa kufuata sheria.

Hata hivyo sheria nayo inaweza kuwa ya kijinga, na Biblia inajua hilo. Fungua 1 Samweli 14. Mfalme Sauli anawaapisha askari wake wasionje chakula mpaka jioni, siku ya vita. Yonathani, mwanawe, hakusikia kiapo. Wanapita msituni, asali iko pale chini, anachovya ncha ya fimbo yake, analamba, macho yake yanang'aa. Nguvu zinarudi. Ukitaka, ndicho kisa cha kwanza katika Maandiko cha mtu aliyekula kilichokatazwa akapata nguvu za mapambano! Na Yonathani alipoambiwa habari ya kiapo hakulia wala kujificha. Alisema baba yake ameitaabisha nchi, na kwamba askari wangekula wangepigana vizuri zaidi. Sauli alitaka kumwua, na watu wakamwokoa.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi wiki hizi. Ninaona mambo mawili. La kwanza, Yonathani hakujua. Kwa Kanisa hilo ni kubwa: ili dhambi iwe ya mauti lazima kuwe na jambo zito, ujuzi kamili na hiari kamili. Sheria ya michezo haiko hivyo. Kikikutwa kwenye mkojo wako ni chako, uwe ulijua au hukujua. Kuna wanaonaswa kwa sababu ya unga wa protini uliochakachuliwa au sindano ya maumivu waliyochomwa zahanati bila kuuliza. Maabara haioni moyo, na haijidai kuuona. Kwa hiyo ukisoma kwamba fulani amefungiwa, usikimbilie kusema fulani ni mwizi. Umesoma habari za mkojo wake tu.

La pili, Yonathani alilamba asali mchana, mbele ya jeshi. Hakuenda nyuma ya kichaka. Na hapa ndipo nilipopata mlango wa kuingilia swali letu. Kahawa unaweza kuinywa kwenye mstari wa kuanzia, ukimpa na jirani yako kikombe. Iten unaweza kuitangaza. Watu wanapiga picha kwenye lango la mji ule wanaposti. Lakini sindano inachomwa chumbani mlango umefungwa, na ukigongewa hodi na wapimaji unaanza kunywa maji kwa fujo au kujifanya haupo nyumbani. Sisemi kwamba kila kinachofichwa ni kibaya. Kuna sala za siri na sadaka za siri, na Yesu mwenyewe anazisifu. Ila hapa kinachofichwa kinafichwa kwa mtu ambaye umemwahidi.

Maana mbio ni ahadi. Mtu haendi Boston au Dar es Salaam kuona tu nani amefika mwanzo, kwa sababu gari lingefika mwanzo kuliko wote. Tunasimama mstarini tukiwa tumekubaliana: mimi na miguu yangu, wewe na miguu yako, kwa masharti haya, tuone. Anayechoma sindano amejibu swali tofauti na lile tulilokubaliana kuulizana, halafu anaweka jibu lake kwenye karatasi yetu. Ni uongo unaosemwa kwa miguu badala ya mdomo. Amri ya nane.

Na uongo huo una bei, kwa hiyo amri ya saba nayo imo. Hapa ningependa tusimame kidogo, maana watu husema, "Dawa ni yangu, mwili ni wangu, sijamdhuru mtu." Mwaka 2014 Mkenya Rita Jeptoo alishinda mbio za marathoni za Boston. Miezi michache baadaye alipimwa akakutwa na EPO, akafungiwa, na baadaye ushindi ule wa Boston ukafutwa. Aliyekuwa amemaliza wa pili siku ile ni Muethiopia, Buzunesh Deba, aliyetumia saa 2 dakika 19 na sekunde 59. Ikawa yeye ndiye mshindi, tena mwenye rekodi ya njia ile. Kwenye karatasi. Utepe hakuukata yeye, wimbo wa taifa lake haukupigwa, na fedha za mshindi hazikumfikia. Ilipofika 2024, miaka kumi baadaye, alikuwa bado anazisubiri. Mwanariadha maisha yake ya kukimbia ni mafupi. Miaka kumi ni karibu yote. Mtu mmoja huko Marekani, asiyehusika kabisa na mbio zile, aliisoma habari yake gazetini akamtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Mnakumbuka mfano wa Msamaria? Yule aliyeumizwa njiani hakuumizwa na Msamaria, lakini aliyelipa gharama ya nyumba ya wageni ndiye huyo.

Kwa hiyo mhanga yupo, hata kama mtumiaji hamfahamu. Na wapo wengine ambao magazeti hayaandiki: aliyekuwa wa nne akakosa safari, wa kumi na moja aliyekata tamaa akarudi shambani akidhani hana kipaji, kumbe alikuwa anashindana na friji ya hospitali.

Uongo nao hauzai mtoto mmoja. Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki, Rio 2016. Mwaka uliofuata alikutwa na EPO, akafungiwa miaka minne. Katika kujitetea zikaletwa karatasi za matibabu, na mahakama ya michezo ikaamua kwamba ni za kughushi. Adhabu ikawa miaka minane. Mimi kama mtu wa hospitali hili la karatasi liliniuma kwa namna yake. Sindano inaomba karatasi, karatasi inaomba mhuri, mhuri unaomba mtu wa kuupiga. Hapo katikati yupo muuguzi au daktari au mfamasia ambaye Jumapili naye anapanga foleni ya komunyo. Dawa hizi hazioti porini. Kila kichupa kimepita mikononi mwa mtu mwenye leseni, na kilipaswa kwenda kwa mama yule wa gramu 6. Hati ya Vatikano kuhusu michezo ya tarehe 1 Juni 2018 inagusa jambo hili: haitoshi kumhubiria mwanariadha peke yake, kwa sababu tatizo ni la mfumo mzima. Wakala anayekula asilimia, kocha anayeuliza "unataka kubaki hapa mpaka lini?", mjomba aliyeuza ng'ombe ukaenda kambini na kila siku anapiga simu kuuliza zimefika ngapi. Mafundisho ya Kanisa yanasema mazingira yanaweza kupunguza uzito wa kosa la mtu, ingawa hayageuzi kosa kuwa jema. Mimi nikimfikiria binti wa miaka 19, darasa la saba, aliyechomwa sindano na mtu anayemwita "daktari" na kuambiwa ni vitamini, najua kabisa mzigo mkubwa uko mabegani mwa nani.

Lakini kijana wetu ni mjanja, ningeishia hapo angesema: "Sawa dada. Basi tuondoe sheria. Kila mtu achome, kila mtu ajue, hakuna uongo, hakuna wizi." Na si utani. Mwaka 2025 kuna waandaaji waliotangaza mashindano ya Las Vegas ambako dawa hizi zinaruhusiwa waziwazi, na zawadi nono. Hapo amri ya nane unaiponya kwa pigo moja. Je, kuna kinachobaki?

Nimelala nalo hili. Ninafikiri kinachobaki ndicho kikubwa kuliko vyote, na kinawahusu maskini. Kitu kikiruhusiwa kwenye mashindano hakibaki ruhusa, kinakuwa lazima. Leo anayekataa sindano anaweza kusema "mimi nafuata sheria" na akaheshimiwa. Siku sheria ikiondoka, anayekataa atakuwa tu mtu anayeshindwa. Atakayeongeza dozi ndiye atakayewaburuta wengine wote. Na nani ataongeza? Si mtoto wa tajiri mwenye madaktari watatu. Ni mtoto wa Mbulu au wa Kapsabet ambaye hana kitu kingine cha kuuza isipokuwa mapafu yake. Tutakaa kwenye sofa tukiangalia maskini wanapimana nani anaweza kubeba damu nzito zaidi bila kufa. Katekisimu, namba 2289, inaonya juu ya kuuabudu mwili, kuutolea kila kitu sadaka kwa ajili ya mafanikio ya michezo. Zamani nilidhani inamsema yule kijana wa jimu anayejitazama kwenye kioo. Siku hizi naona inatusema sisi watazamaji pia. Sanamu inahitaji waumini, na sadaka inayochinjwa si ya kwetu.

Kuhusu sisi ambao hatukimbii popote, niseme kidogo, maana najua wengi wenu mnaosoma hamtaenda Olimpiki. Lakini bodaboda anayetafuna mirungi apige kazi saa kumi na nane namjua. Mwanafunzi anayemeza vidonge asilale wiki ya mtihani namjua. Anayetumia tramadoli ili abebe mizigo sokoni bila kusikia mgongo, naye namjua, na huishia kuletwa kwetu. (Tramadoli yenyewe imepigwa marufuku kwenye mashindano tangu Januari 2024.) Hapa hakuna mpinzani unayemwibia. Kuna mwili unaosema "nimechoka" na mtu anayeuambia "nyamaza". Sikuhukumu, kodi ya nyumba haisubiri. Ila naomba usome 1 Wafalme 19 jioni hii kabla hujalala. Eliya amekimbia, amekaa chini ya mretemu, amechoka mpaka anaomba kufa. Mungu hakumpa hotuba. Malaika alimgusa akamwonyesha mkate uliookwa kwenye makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, kula, safari ni ndefu. Kwa nguvu za chakula kile alitembea siku arobaini mchana na usiku mpaka Horebu. Ninaipenda sana ile "akalala tena". Mbinguni wanajua kwamba usingizi ni dawa, na kwamba dozi moja wakati mwingine haitoshi.

Halafu tusizungumze kana kwamba kila anayeshinda anachoma. Hilo nalo ni ushahidi wa uongo. Iten hiyohiyo, kwenye shule ya St Patrick's, alifika mwaka 1976 mtawa Mkatoliki kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, kufundisha. Hakuwa na ujuzi wowote wa riadha. Akajifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia, na miaka mingi baadaye mmoja wa wanafunzi wake, David Rudisha, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012. Na Septemba 2025 Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42! Fikiria sekunde hizo zingekuwa za sindano ya mtu mwingine.

Linabaki jambo ambalo kijana hakuuliza, lakini nilimwambia hata hivyo, na ninaliandika kwa sababu huenda kati yenu yupo anayelihitaji leo usiku. Je, kama umeshaanza?

Kwanza, mtafute daktari wa kweli upime damu. Usione aibu, sisi tumeona mengi. Pili, nenda kwenye kitubio. Padri hawezi kumwambia mtu yeyote, si kocha, si shirikisho, si polisi. Siri ile haina dirisha. Ila usitegemee kutoka pale na Salamu Maria tatu ukaendelea kukaa na fedha za zawadi. Wizi unadai malipo. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne kabla hajaombwa. Namna ya kurudisha itategemea mambo mengi na padri atakusaidia kuitafuta: pengine ni kujitoa kwenye timu kabla ya mbio zijazo, pengine ni kukataa medali, pengine ni kumtafuta yule aliyekuwa nyuma yako.

Na kuna jambo moja katika sheria za michezo ambalo liliponifikia lilinishangaza. Mwanariadha anayekabiliwa na kifungo cha miaka minne, akikiri na kukubali adhabu ndani ya siku 20 tangu ashtakiwe, anapunguziwa mwaka mmoja. Ruth Chepngetich, aliyeweka rekodi ya dunia ya wanawake ya saa 2 dakika 9 na sekunde 56 kule Chicago mwaka 2024, alipunguziwa kwa njia hiyo mwaka uliofuata, ikawa mitatu. Ofisi ile si kanisa, na waliotunga kifungu kile sidhani kama walikuwa wanafikiria sakramenti yoyote. Wanaangalia mikojo, wanahesabu siku. Lakini hata wao wameacha mlango, na wameupa siku ishirini. Padri wetu wa parokia anakaa kitubioni Jumamosi kuanzia saa kumi jioni, na kama huwezi siku hiyo, mpigie. Husema anapatikana hata usiku.